Mnong'ono Kifuani mwa Bazilio

Tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, nyumba zikapangwa mstari mmoja, jirani yangu Bazilio alipata neema kubwa: sasa aliweza kuwashuku watu wote bila kutembea mbali. Ukimsalimia, alijiuliza unataka nini. Usipomsalimia, alikuwa ameshajua unachotaka.

Siku moja tulitoka kijijini kwetu Titye tukaenda mjini Kasulu kununua chumvi kwa Mzee Gharibu, mwenye duka ambaye kwao ni pwani. Bazilio aliionja chumvi mara tatu, akaitema.

“Una wasiwasi, bwana,” Mzee Gharibu alimwambia. “Neno hilo unalijua lilikotoka? Ni la Kiarabu. Asili yake ni mnong'ono. Shetani anakunong'oneza kifuani, nawe unadhani ni akili yako inasema.”

Mwingine angejifunza kitu. Bazilio alinivuta nje. “Umemsikia? Amejuaje yanayosemwa kifuani mwangu?”

Wiki mbili nzima alikula mboga bila chumvi, na mkewe na binti yake pia, maskini.

Binti huyo, Rosa, akaja kuposwa na Reverien, mtoto wa Ndayiragije, mkimbizi aliyetoka Burundi mwaka 1972. Kosa la Ndayiragije lilikuwa moja tu: migomba yake ilistawi. Rosa alimpenda Reverien, na kijiji kizima kilijua.

Kwetu posa haikubaliwi mpaka baba wa binti anywe pombe iliyoletwa, na aliyeileta huonja kwanza, kuonyesha kwamba haina sumu. Ndayiragije akaonja.

“Onja tena,” Bazilio akasema.

Akaonja.

“Sasa onja ya chini.”

Mrija ukazamishwa mpaka chini ya kibuyu. Mara ya tano pombe ilikuwa nusu, na mgeni wetu, badala ya kufa, alianza kuimba. Halafu akanyamaza, akasimama.

“Mzee, kama hunywi, niambie nimrudishe kijana wangu nyumbani.”

Hapo Rosa akatoka ndani, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi. Akashika mrija, akanywa mpaka kibuyu kikakoroma. Bazilio akamwinamia, akamtazama macho, midomo, magoti.

“Baba,” Rosa alisema, machozi yakimtoka, “unasubiri nianguke, ili uwe umesema kweli?”

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Bazilio, nikamwona vizuri. Alikuwa anasubiri.