Aliyekaa na Modesta Nyumba Ikiwa na Kufuli

Kama umekuja kusikia habari za jini mwenye kwato, nenda kwa wengine, kwangu hayupo. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya nyumba niliyoachiwa na marehemu mama, mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nilikuwa na akili zangu timamu na sijawahi kuonja pombe. Watu wawili tu ndio niliowahi kuwasimulia. Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka, na huyo utamjua mbele.

Nilikuwa nalea watoto mchana. Kituo, kama unataka kukiita hivyo, kilikuwa sebule yangu: magodoro manne, ua wenye uzio wa mabati, na pipa la maji lenye mfuniko. Watoto kumi na mmoja, mlezi mmoja. Ofisa ustawi alipita siku moja akaniambia nitafute msaidizi, nikamwitikia vizuri, alipoondoka nikasahau. Wazazi walinipenda. Wakija jioni waliwakuta watoto wametulia, hakuna anayelia wala anayeng'ang'ania mlango. "Anti, wewe una mkono wa watoto," waliniambia. Mkono gani? Nilikuwa na chupa.

Ni ile dawa ya mafua ya maji, tamu, inayoleta usingizi. Kifuniko kimoja baada ya chakula cha mchana, hata kwa asiye na mafua. Usinitolee macho. Nilifundishwa na mama mmoja niliyemfanyia kazi kabla sijafungua kwangu, naye alikuwa amelea watoto wa watu miaka mingi. Mtoto akinywa analala saa mbili, saa tatu, wewe unafua, unapika, unakaa chini kidogo. Nilijiambia ni dawa ya watoto, mbona kwenye boksi wamechora mtoto anacheka? Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Saa kumi na nusu karibu wote walikuwa wameshachukuliwa. Hujui nyumba yenye watoto kumi na mmoja inavyonyamaza wakiondoka. Sina mume, sijajaliwa mtoto, na kaka yangu mmoja tu yuko Kaliua, hunipigia simu Krismasi. Wiki nzima watu wazima niliozungumza nao nilizungumza nao mlangoni, wana haraka zao: amekula? amelala? kofia yake iko wapi? Hakuna aliyeuliza kama mimi nimekula.

Isipokuwa Alhamisi. Alhamisi saa kumi na moja tulikuwa na mazoezi ya kwaya kanisani kwetu, Moraviani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Naimba sauti ya pili. Kule nilikuwa na nafasi yangu kwenye benchi, na nikichelewa walikuwa wanauliza niko wapi. Niamini, kwa ajili ya saa zile mbili ningefanya lolote, na nililifanya.

Mama Modesta alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni, na Alhamisi alikuwa zamu ya chakula cha jioni. Alifika kumchukua mwanawe saa moja. Modesta alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kumbeba kanisani sikutaka, maana angelia, na watu wangeuliza mbona namtembeza mtoto wa mwenzangu jioni. Basi kila Alhamisi nilimpa kifuniko cha pili, nikamlaza, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda kuimba. Mama yake akifika alinikuta nimesharudi, nakunja nepi.

Siku hiyo mawingu yalitanda tangu saa tisa. Modesta alikuwa mbishi, analia kila mwenzake alipochukuliwa, nikambembeleza kwa uji wa karanga mpaka tumbo likawa gumu. Kisha nikampa kifuniko kimoja na nusu. Nusu ile niliongeza mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa nachelewa. Nikamlaza chali, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni.

Mvua ilitukuta tukiwa wimbo wa pili. Bati la kanisa lilipiga kelele hata mwalimu wa kwaya hatukumsikia tena, umeme nao ukakatika. Tukasogeleana kwenye benchi gizani. Mwenzangu mmoja alinifunika nusu ya kanga yake, tukacheka mambo ya kipuuzi tu, na nakwambia ukweli, nilikuwa na furaha. Modesta nilimkumbuka. Nilimkumbuka mara tatu, na kila mara nikajiambia, amelala. Nilipotoka mbio mvua ilikuwa bado inanyesha na ilikaribia saa moja.

Kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Nililishika kwa mkono kabla ya kulifungua, kwa hiyo usiniambie labda nilisahau. Lakini ndani palikuwa na mtu anaimba. Aliimba kwa pumzi fupi fupi, namna ya mtu anayetembea huku amebeba kitu kizito. Madirisha yangu yote yana nondo, sasa huyu amepita wapi?

Nikafungua, nikawasha tochi ya simu. Mwanamke alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Modesta alikuwa amelala kifudifudi juu ya miguu ile, kichwa kimeinamishwa, na yule mama anampigapiga mgongo taratibu. Pembeni palikuwa na matapishi, wali na uji wa karanga. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefutwa.

Nje mvua yote ile, na mwanamke yule alikuwa mkavu. Vumbi jekundu limempanda mpaka magotini, vumbi la kiangazi. Alijifunga kitambaa kimoja chakavu, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene, limeinuka kuliko la kushoto. Ungefanya nini wewe? Mimi nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekauka. "Aliita huyu. Aliita mpaka pumzi ikamwishia. Ni wako?"

"Hapana, mama. Nimeachiwa tu."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wangu alimzidi huyu kidogo," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, ila kizito, kina Kinyamwezi ndani yake. "Pembe begani, yeye mgongoni. Tulipotoka hapa kushika njia ya pwani, mwenye msafara akasema siwezi vyote viwili. Nikamlaza kando ya njia. Nikajiambia, amelala."

Aliyekulia Tabora haelezwi ni njia gani. Misafara ya kutoka Ujiji kwenda pwani ilipita humu humu tunamoishi. Shuleni tulifundishwa pembe za ndovu, vitambaa na shanga, tukajibu mtihani, tukafaulu. Habari za mtoto aliyelazwa kando ya njia nilizisikia jioni ile, nikiwa natiririka maji.

"Mshike," akasema. "Usimlaze chali."

Nikapiga magoti nikampokea Modesta. Mikono ya yule mama ilikuwa ya moto, kama ya mtu aliyeshinda juani. Nikaweka sikio kifuani kwa mtoto, nikasikia pumzi ndogo ikikwaruza. Nilipoinua uso, sakafuni palikuwa na vumbi tu, vumbi kavu, mahali ilipokuwa miguu yake. Maji yaliyokuwa yananichuruzika yakalifikia, likawa tope, nami nililifuta kesho yake kwa kitambaa. Modesta akakohoa, kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Mama yake aligonga muda si mrefu. Ningeweza kunyamaza, na sitakuficha, niliwaza kunyamaza. Lakini mtoto alikuwa amelegea mikononi mwangu. Nikamwambia yote pale pale mlangoni: chupa, kufuli, kwaya, yule mgeni. Hakupiga kelele. Aliinama akanusa mdomo wa mwanawe, kisha akaniuliza swali moja.

"Mara ngapi, Anti?"

Nikafungua mdomo nihesabu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui.

Alipanda bodaboda na mtoto wake kwenda hospitali mvuani. Modesta alilazwa siku mbili, akapona. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe kwa ofisa ustawi nikasema nilichofanya, na kituo kikafungwa. Wazazi waliacha kunisalimia, na nawapa haki yao. Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyecheka nilipomsimulia, akasema ni uchovu. Sikurudi tena kuimba. Siku hizi nashona mashuka ya nyumba ya wageni, peke yangu, na mashine yangu.

Sijalala chali tangu siku ile. Kufuli nililitupa. Na kuna jambo lingine, nalo naona aibu kulisema. Mvua za jioni zikianza, naacha mlango wazi nikae nimngoje. Haki ya Mungu, namngoja, hata yeye ningefurahi aje akae nami. Haji. Humu hamna mtoto tena, aje kufanya nini?

Sasa nisikilize. Mzazi, ukimkuta mwanao amelala usingizi mzito kila siku unapofika, usishukuru kwanza. Mwamshe, mnuse, uliza amekunywa nini na nani alikuwa naye. Na wewe mlezi mwenzangu, unayesikia haya na chupa iko kabatini, inuka ukaimwage sasa hivi, na mtoto wa mtu usimfungie ndani hata kwa dakika tano. Usijipe moyo kwamba mbona Modesta alipona. Kwangu alikuja mtu. Kwako huenda asije.