Chuma Kisichojua Kuvunjika

Mashine ya kusaga unga ya mama yangu ilikuwa kijijini Kola, kando ya barabara ya vumbi, na kelele zake zilifika mpaka kanisani. Ndiyo iliyonisomesha. Kwa hivyo nilipofika mwaka wa mwisho wa uhandisi chuo kikuu Nairobi, na mwalimu akataka kila mmoja wetu achague kitu akigongeshe kwa hesabu ndani ya kompyuta, aone kama kitavunjika, sikuhangaika. Wenzangu walichagua magari ya kifahari ambayo hawajawahi hata kuyafungua mlango. Mimi nikachagua mashine ya mama.

Ndani ya mashine ile mna nyundo, yaani vipande vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kuyaponda mahindi. Zetu zilichongwa na mjomba wangu, kaka yake mama, fundi wa kuchomelea mjini Machakos, kutoka kwa springi kuukuu za lori. Swali langu lilikuwa moja: nyundo ikikatika na kuruka, je, kava la pembeni, lile bati nene linalozifunika, litaizuia? Maana mama alisimama hapo hapo kutwa, hatua moja kutoka kwa kava, akikinga unga kwa gunia.

Kompyuta hailioni kava kama tunavyoliona sisi. Unaligawa vipande vidogo vya mraba, kama karatasi ya daftari la hesabu, nayo inapiga hesabu kila kipande kimevutika kiasi gani kinapogongwa. Kikivutika kupita kiasi, inakifuta. Vikifutwa vya kutosha, basi hapo kuna tundu. Lakini kiasi chenyewe haikijui. Lazima uiambie.

Nilijaza uzito, nikajaza unene, nikajaza ugumu. Nilipofika kwenye mstari unaouliza chuma hiki kinavutika kiasi gani kabla ya kukatika, sikuwa na jibu. Kava lile mjomba alilikata kutoka kwa pleti ya chuma aliyoiokota kwa wauza vyuma vikuukuu, na nani ajuaye ilitoka wapi. Nikafanya tulivyozoea kwetu. Kwa chifu, ukijaza fomu na hujui nyanya yako alizaliwa lini, unaacha pale wazi, karani atajua la kufanya. Nikaacha wazi. Niliona kabisa kwamba nimeacha wazi, nikaendelea na mstari uliofuata.

Kompyuta haikulalamika. Ilipiga hesabu Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na Jumatatu nikakuta picha tamu ajabu: nyundo imegonga kava, kava limefura kwa nje kama shavu la mtoto mwenye andazi mdomoni, na halijatoboka. Nikaichapisha kwa rangi, nikaenda nayo nyumbani nimevimba kichwa.

Nilimkuta mjomba amekuja na pleti ya pili. Alitaka kuichomelea juu ya kava, iwe safu mbili.

"Haihitajiki, Anko," nikamwambia. "Ona. Inafura tu."

Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, asiichafue. "Hii nyekundu ni nini?"

"Ni pahali imevutika sana."

"Imevutika hivi yote na haijapasuka?" Akacheka. "Mimi sijawahi kuona chuma ya kufura kama chapati. Chuma inakataa, inakataa, halafu inapasuka."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, zimekuwa hivyo tangu utotoni. Nilimwambia ndege zinazopita juu ya kichwa chake zimepimwa kwa kompyuta, na kwamba hesabu haihitaji miwani ya kuchomelea. Naona haya kuyaandika haya. Mjomba alimtazama mama.

Mama aliitazama picha, akanitazama mimi. "Rudi na pleti yako," akamwambia kaka yake. "Tengenezea mtu mlango." Kisha akaigongomea picha yangu ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, ili wateja waione.

Likizo ya Agosti nilikuwa pale, nikipima mahindi ya mzee mmoja kwenye mizani. Nilisikia kishindo kimoja kikavu, basi. Injini haikusimama, iliendelea kunguruma kama kawaida. Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi sakafuni, mweupe kwa unga kuanzia kilemba hadi miguuni, akiushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Na kwenye kava palikuwa na tundu la kutosha kupitisha kiberiti, kingo zake kali kama za mkebe uliofunguliwa kwa kisu.

Ningependa kusema nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Nilisimama nikilitazama tundu, nikasema kwa sauti, "Haiwezekani." Nikarudia tena. Yule mzee wa mahindi ndiye aliyezima injini, ndiye aliyemwinua mama.

Nilirudi chuoni mama akiwa na plasta mpaka juu ya kiwiko. Nilikifungua kitabu cha maelezo ya ile programu, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, nikakuta sentensi moja fupi. Ukiacha mstari ule wazi, programu huandika sifuri, na sifuri maana yake ni chuma kisichokatika kamwe, hata ukikivuta vipi. Nikaweka kiasi cha kukisia tu, nikaanzisha hesabu upya. Safari hii vipande vya mraba vilifutika kimoja baada ya kingine, na nyundo ikapita kwenye kava kama mtu anayepita kwenye pazia. Kwenye picha ile sikuwa nimemchora mama. Nyundo ilitoka upande wa pili, ikaendelea kwenda kwenye weupe mtupu.

Desemba nikaenda nyumbani kumwambia. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, na alikuwa akiambua mbaazi kwa kushoto. Miezi yote hiyo alikuwa akiwaambia wanawake wa kanisa kwamba hata kompyuta haikujua, ni mipango ya Mungu.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "kompyuta haikukosea. Iliniuliza hii chuma inavunjika lini, na mimi sikujua, nikanyamaza. Ikadhani haivunjiki."

Aliendelea kuambua. "Si ungeniuliza mimi?"

"Wewe?"

"Ile mashine ya kwanza, kabla mjomba wako atengeneze hii, ilitoboka mara mbili nikiwa hapo. Ulikuwa shule ya bweni. Nyundo moja iliingia kwa ukuta, tukaziba na simiti."

Maneno yalinitoka kwa ukali ambao hakustahili. "Sasa kama ulijua inatoboka, mbona ulimrudisha Anko na pleti yake?"

Mama aliacha mbaazi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ni mimi niliyesema jambo lisiloeleweka.

"Wewe ulisema haivunjiki, mwanakwa," akasema. "Na si ni wewe tulisomesha?"