Nani Alimtaja Mchapaji

Mume wangu anasoma vita. Ndiyo kazi yake, na mshahara anapewa. Ofisini kwake, kwenye taasisi ya chuo kikuu, ukuta mzima umejaa vitabu vya mapinduzi, mabomu na majasusi, na wanafunzi wanatoka mbali kuja kumsikiliza akieleza kwa nini mataifa hayaaminiani. Nyumbani, panya akikatiza jikoni, yeye ndiye wa kwanza kupanda kwenye kiti. Kwa hiyo namwita Jenerali, naye huitika, maana mwanamume aliyeokolewa na mkewe kwa ufagio hana la kujibu.

Aliyemlea ni Shangazi, dada wa baba yake. Nataka nieleze jinsi Shangazi alivyokuwa kwetu kabla ya wiki ile, kwa sababu baada ya hapo hata mimi simjui vizuri.

Ujana wake wote alifanya kazi kituo cha simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine lazima opereta akuunganishe kwa waya. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, vipokea sauti masikioni, mgongo wima. Mgongo ule bado anao, na sauti ile bado anayo: akikuambia "subiri kidogo" utasubiri mpaka jioni bila kununa. Hakuolewa. Vita ya kwanza ya ndoa yangu ilikuwa juu ya pasi, nani apige pasi mashati ya Jenerali, na nilishindwa vibaya. Lakini nilipojifungua nikaugua hadi watu wakaanza kunitazama kwa huruma, yule mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu mpaka niliposimama. Tangu hapo mashati nikamwachia kwa moyo mweupe.

Kituko chake kilikuwa kimoja. Simu haigusi. Iite mpaka ichoke, haigusi. Na mtu yeyote nyumbani akianza kuongea na simu, hata kama ni habari ya kununua vitunguu, Shangazi anachukua kikombe chake na kutoka uani, mvua inyeshe isinyeshe. Tulicheka, tukasema masikio yake yamestaafu pamoja naye.

Kaka yake, yaani baba yake Jenerali, alikuwa mchapaji. Miaka ile mibaya, watu wakisalimiana huku wakitazama nyuma, yeye na wenzake walikuwa wakichapa makaratasi ya kuwasema wakubwa. Mambo yalipokuwa moto wakaihamisha mashine, wakaificha kwenye stoo ya seremala mmoja, na yeye akajificha nayo. Siku moja gari likaenda moja kwa moja mpaka kwenye stoo ile. Hawakuuliza njia. Mchapaji hakurudi, hata shati lake halikurudi. Mkewe akaugua kwa majonzi, akafa, na mtoto aliyekuwa bado anatambaa akapanda mgongoni kwa Shangazi.

Mtoto huyo ndiye Jenerali. Ameandika juu ya majasusi wa nchi ambazo hajawahi kukanyaga, lakini swali lililomtoa kitandani kila asubuhi lilikuwa moja tu: nani alimtaja baba?

Jumapili hiyo, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini. "Nimempata," alisema. "Alhamisi nasoma mada yangu ukumbini. Waandishi wa habari wataalikwa. Nitamtaja kwa jina."

"Nani?" niliuliza.

"Kinyozi."

Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Kinyozi ni mmoja tu kwetu, yule wa kona, mwenye kioo kilichopasuka pembeni na kiti kinacholia kama bata ukikizungusha. Alimnyoa Jenerali bure utoto wake wote, eti nywele za yatima hazilipiwi. Amemnyoa mwanangu mara ya kwanza huku akimwimbia asilie.

"Una wazimu," nilisema. "Mzee yule? Mzee yule anayewaomba radhi wateja kabla ya kuwagusa shingo?"

"Nina mashahidi wawili wasiojuana," alisema, kwa ile sauti yake ya darasani inayonipandisha mori. "Ofisa mmoja mstaafu wa usalama, na Mama Mikate wa mtaa wa pili. Shahidi mmoja ni uvumi, mke wangu. Wawili ni ushahidi. Halafu nikaenda kwake mwenyewe, nikamuuliza. Hakukana."

"Alisemaje?"

"Aliinamisha kichwa. Akasema, 'Mwanangu, huenda ni mimi.'"

Nilisukuma sahani yangu kando.

"Usimtaje," alisema Shangazi.

Alikuwa hajala kitu. Alisema bila kumtazama yeyote. "Mzee wa watu. Mwache afe na jina lake."

"Na baba yangu alikufa na nini, Shangazi? Kaka yako huyo! Wewe ndiye uliyepaswa kufurahi kuliko wote."

Shangazi akachukua kikombe chake akatoka uani. Hakuna aliyekuwa akiongea na simu.

Jumatatu nilirudi kutoka shule nikamkuta Jenerali sebuleni anakariri mada yake kwa sauti, akitembea huku na huko, akiuinamia mkutano wa viti vitupu. Mimi nafundisha darasa la tatu. Nikakaa pembeni nasahihisha hesabu, nimenuna, simtazami. Akasoma maneno ya yule ofisa mstaafu: kwamba kinyozi yule alikuwa na nyembe mbili, mmoja mkononi na mmoja mdomoni. Akaendelea. Akafika kwa Mama Mikate: kwamba kila mtu alijua kinyozi ana nyembe mbili, mmoja mkononi na mmoja mdomoni.

"Simama hapo," nilisema. "Hao hawajuani?"

"Hawajawahi kuonana."

"Na wembe wao ni mmoja? Jenerali, darasani kwangu watoto wawili wakikosea kosa moja kwa maneno yale yale, sisemi wamethibitishana. Nasema wamekaa dawati moja."

Nilisema kwa hasira tu, nikitaka kumkera. Sikutegemea atakavyobadilika. Uso ulimshuka, karatasi zikamlegea mkononi.

"Taarifa mbili, chanzo kimoja," alisema polepole. "Ndiyo makosa ninayowafundisha mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza kabisa." Kisha akavaa viatu bila soksi, tukaenda kwa Mama Mikate.

Mama Mikate alikuwa akitoa mikate kwenye oveni, uso umelowa jasho kwa joto, na hakupenda kusumbuliwa. Jenerali akamuuliza kama alimwona Kinyozi akiongea na watu wa usalama.

"Nimwone wapi, baba? Mimi na tanuri langu hili? Niliambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Akatushangaa, kama watu wanaouliza jina la mama yao. "Si Shangazi yenu! Asubuhi ile ile kaka yake alipochukuliwa. Alikuja hapa analia, akashika hiyo meza, akasema kinyozi ana nyembe mbili. Nikajua. Dada mtu akisema, nani tena abishe?"

Njiani Jenerali alikuwa anaongea peke yake kwa haraka. Labda Shangazi naye aliambiwa. Labda kuna mtu alimwambia, tumtafute huyo. Ofisa yeye lazima alipata mahali pengine, alikuwa ndani ya idara, angesikiaje uvumi wa mitaani? Mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nilimshika mkono tu.

Tulimkuta Shangazi sebuleni, anashona kifungo cha shati la Alhamisi. Jenerali hakumsalimia. Alichukua simu, akampigia ofisa mstaafu, akaweka sauti kubwa. Nilimtazama Shangazi, nikisubiri anyanyuke na kikombe chake. Hakunyanyuka. Aliweka sindano juu ya meza, akakaa, mgongo wima, mikono mapajani. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli, kabla hata mzee yule hajajibu.

"Kinyozi? Ah, kesi ile sikuwa nayo mimi," ilisema sauti ya mzee kwenye simu, ya mtu aliyetoka kulala. "Nilikuwa mipakani. Nilirudi nikakuta jambo limekwisha, nikauliza. Kulikuwa na binti mmoja wa kituo cha simu, mtu wetu yule, alikuwa akitusikilizia laini. Yeye ndiye aliyeniambia ni kinyozi. Binti mwenye sauti nzuri kweli, profesa. Ungemsikia."

Jenerali hakuaga. Simu ilikatika yenyewe.

Nimeshaona watu wakipata habari mbaya. Kuna wanaopiga kelele, kuna wanaokaa chini. Jenerali alisimama tu, mdomo wazi, kama mtoto anayesubiri aambiwe kwamba ni utani. Mimi jambo moja la kipuuzi lilikuwa likinizunguka kichwani: kifungo, hajamaliza kifungo.

"Waliniambia wanataka mashine," alisema Shangazi. Sauti ile ile, tulivu, ya kukuunganisha. "Walikuwa wanakuja kazini, wanatuambia tusikilize, tukikataa tunafukuzwa, na mwenzangu aliyekataa hatukumwona tena. Nikawa nasikiliza. Siku moja nikaunganisha simu ya kwa seremala, nikasikia sauti ya kaka yangu anaagiza karatasi. Nilikuwa sijui yuko wapi. Mkewe hali, hanywi, wewe unalia kutwa kucha. Nikasema moyoni, wakiichukua ile mashine, atakosa la kufanya, atarudi nyumbani. Nikawaomba. Wakaniapia hawatamgusa, watachukua chuma chao tu."

"Na Kinyozi?" niliuliza mimi.

"Asubuhi watu walianza kuuliza nani amesema. Nikatazama dirishani, nikamwona Kinyozi anafagia mlango wake. Ni hivyo tu, mwanangu. Ndiye niliyemwona."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Mwanamke aliyelala sakafuni kwa ajili yangu, nilitaka kumzaba kofi, halafu nilitaka kumfunika shuka, na nikashindwa yote mawili.

"Kwa nini hukuniambia?" Jenerali alisema hatimaye. "Nimezunguka nchi nzima. Nimewahoji wauaji. Na wewe unanipigia pasi mashati niende kumtafuta!"

"Ningekuambia, ungemwita nani mama?"

Jenerali akatoka nje. Shangazi akanigeukia mimi. "Alhamisi anitaje mimi," alisema. "Akiacha pengo, watu watalijaza kwa Kinyozi, kama siku zote. Lakini kabla hajanitaja, mnipeleke kwake. Asiyasikie redioni."

Tulikwenda Jumatano asubuhi, watatu, Jenerali akitembea mbele bila kutuangalia. Dukani kulikuwa na mteja mmoja kwenye kiti, povu nusu ya uso, na wengine wawili kwenye benchi wakibishana habari ya mpira. Kinyozi alipomwona Jenerali mlangoni aliweka wembe chini, akafuta mikono kwenye taulo, akainamisha kichwa. Alidhani tumekuja kumchukulia hatua, na alikuwa tayari. Utayari ule uliniuma kuliko kitu kingine chochote nilichokiona wiki hiyo.

Shangazi hakukaa. Alisema yote, mbele ya wateja, tangu waya wa simu mpaka dirisha. Hakulia na hakuomba msamaha. Alisema msamaha hana uso wa kuuomba. Mwenye povu alikuwa anatutazama kupitia kioo kilichopasuka.

Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu asiyesikia vizuri, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe," alisema Shangazi. "Hujawahi kuwa wewe."

"Lakini alikuwa ananyolewa hapa, marehemu. Alikuwa ananisimulia mambo yake. Mtaa mzima waliposema ni mimi, nilikaa nikafikiri. Nikasema, watu wote hawawezi kukosea. Lazima kuna siku mdomo uliniponyoka, namnyoa mtu, napiga soga, sikujua ni nani. Nimeitafuta siku hiyo maisha yangu yote. Sikuikumbuka, lakini niliamini ipo." Akamtazama Jenerali. "Ndiyo maana nilikuwa nakunyoa bure."

Jenerali aliziba uso kwa mikono miwili. Shahidi wake wa tatu naye alikuwa amesikia kutoka mdomo ule ule.

Kinyozi alishika mgongo wa kiti, nacho kikalia kidogo. "Mke wangu nilimwambia kabla hajafa," alisema. "Niliona si vizuri afe na mwanamume asiyemjua. Nikamwambia, mimi ndiye niliyemuua yule mchapaji kwa mdomo wangu. Alilia sana. Siku tatu hakutaka nimguse, mpaka nesi ndiye aliyekuwa anamgeuza. Siku ya mwisho akanishika mkono, akanisamehe."

Akamgeukia Shangazi, macho makavu, ya kushangaa tu.

"Alinisamehe nini sasa?"

Shangazi alifungua mdomo. Nilisubiri sauti ile ya kukuunganisha, na nadhani hata yeye aliisubiri, lakini haikuja. Mwenye povu akajifuta uso kwa taulo mwenyewe, akashuka kwenye kiti taratibu, akatoka nje, na wenzake wakamfuata.