Brashi Iliyokwama

Kimanzi wa Ngoliba alisafisha boila, mitambo ya kuchemshia maji, za kiwanda kimoja cha nguo pale Thika kwa miaka ishirini na tisa. Maji ya kisima cha kiwanda yalikuwa na chokaa, nayo ikafanya ukoko mgumu ndani ya mabomba. Aliusugua kwa brashi ya chuma, polepole, huku akisikiliza. Kisha wakaja mainjinia wenye haraka. Brashi ilipokwama wakaivuta kwa nguvu, bomba likapasuka, boila ikauzwa kama chuma chakavu. Siku hizi nani anasugua? Watu wanang'oa na kutupa.

Basi mwaka wa 1997, alipoambiwa kwamba mshipa wa moyo wake umejaa chokaa, alicheka kicheko cha mtu aliyechoka.

Binti yake Wayua, aliyekaa mtaa wa Kimbo, akampeleka hospitali ya Nairobi. Mzee akalazwa mezani macho wazi, paja pekee likiwa na ganzi. Daktari Odhiambo alipitisha waya kutoka pajani hadi moyoni, na juu ya waya huo kichwa kidogo cha kusaga chokaa, kikavuma kama nzi ndani ya kopo. Ghafla mvumo ukakatika.

"Kimekwama," daktari akasema, akavuta kidogo. Kifua cha Kimanzi kikabanwa. "Sista Jentrix, waambie wa upasuaji wakae tayari. Huenda tukafungua kifua."

"Daktari, usivute," Kimanzi akasema kwa shida. "Ukivuta, kitakuja na bomba."

"Kumbe mzee ni fundi wa mioyo?" Jentrix akauliza.

"Wa boila. Brashi ikikwama, tulipitisha kitu chembamba kando yake, tukalegeza ukoko kwanza."

"Ndiko ninakoenda, mzee," Odhiambo akasema. "Sasa nyamaza, unanitikisia mkono."

Akapitisha waya wa pili kando ya ule wa kwanza, na juu yake puto dogo. Likajazwa pale penye ukoko, likapunguzwa, likajazwa tena. Kimanzi alisikiliza tu, kama zamani. Mara ya tatu kichwa kikalegea, kikatoka.

"Mshipa haujapasuka," Odhiambo akasema huku akijifuta jasho. "Lakini chokaa nyingi imebaki. Leo sirudi ndani. Utakunywa dawa, na kubeba mizigo basi."

Kule Kimbo, Wayua akamwuliza, "Baba, wamekusafisha?"

"Hawakumaliza." Akavua kiatu kimoja, cha pili kikamshinda, akakiacha mguuni. "Lakini yule daktari, kilipokwama, aliacha kuvuta."