Vizibao Kumi Kwenye Kabati la Vioo

Mimi ni fundi wa makabati ya vioo, na kazi yangu, nisiwafiche, ni uongo. Duka lina sabuni sita, mwenyewe anataka mteja aone bohari. Nimewatengenezea wengi hapa Juba: wauza simu, wauza dawa, wauza saa feki. Wote ombi lao moja, eti "fundi, lifanye lionekane limejaa." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ataongeza bidhaa lijae kweli. Nawadharau, na pesa zao nakula.

Lakini yule bosi wa hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny aliwapita wote. Mkenya mwenzangu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Koti la suti kwenye joto la saa nane mchana, jasho linamshuka hadi kwenye kola, na bado anakuhubiria utamaduni. Alitaka kabati kubwa pale mapokezi, wageni wakitoka uwanja wa ndege wakutane na vizibao vya shanga kabla hata ya kupewa funguo. Utamaduni! Mtu ana miaka minne hapa na Kiarabu cha wenyeji anakijua maneno mawili: "tamam" ya kuitikia kila kitu, na "kalas" ya kufukuzia watu.

Vizibao alimwagiza mama mmoja, jirani yangu kule Lemon Gaba. Ni mzaliwa wa huku aliyelelewa Kenya, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Bosi alimwambia kwa mdomo wake, mimi nikisikia, alete thelathini. Kwa neno hilo tu mama akaacha kazi yake ya kufua katika kambi ya shirika moja, akakaa miezi mitano akitunga shanga. Nilimuuliza kama amepewa hata kakaratasi.

"Fundi, si ni mtu mzima amesema?" akanijibu.

Sasa, kabati lisilo na kina unalitengenezea kina hivi. Unaweka vioo viwili vya kujiangalia, kulia na kushoto, vitazamane; kitu kimoja kitajirudia mpaka macho yako yachoke. Cha tatu unakiweka nyuma, unakiinamisha mbele kidogo, mteja asije akajiona uso wake akaanza kujipaka lipstiki. Taa unaificha mbele, juu, nyuma ya fremu. Shida ni moja: kioo kinaanika mgongo wa kila kitu. Na vitu vingi vya kuuzia wageni mbele ni harusi, nyuma ni matanga. Gundi, nyuzi zinaning'inia, fundo juu ya fundo. Ndiyo maana kabla ya kufunga vioo huwa naomba nione migongo kwanza.

Nikaenda kwa mama, nikaazima kizibao kimoja, nikakigeuza. Wacha! Nyuma sawa na mbele. Nilitafuta pale uzi ulipoanzia na pale ulipoishia, sikupata. Kuna watu wanafanya kazi, bwana, na sisi wengine tunafanya maonyesho. Nilimwambia kazi yake inaingia kwenye vioo bila wasiwasi wowote, akafurahi mpaka akanikaangia mayai.

Siku ya kufunga kabati alivileta vyote thelathini kwenye mifuko miwili. Yeye akaambiwa asubiri nje kwa askari wa geti, mifuko ikaingia. Nikaanza kupanga, bosi kasimama pembeni anajipepea na bahasha. Nilipofika cha kumi nikawasha taa. Hapakuwa na haja ya kuiwasha wakati ule. Nilitaka tu kuonekana fundi.

Kabati lenye kina cha mkono mmoja likafunguka kama ukumbi. Vizibao safu kwa safu, vyekundu, vya buluu, vikaenda huko ndani hadi vikafifia, na kila mgongo uliotokea kiooni ulikuwa safi. Na mimi nikafungua domo langu: "Ona bosi, ni kumi tu hivyo, na ni kama mia."

Bosi akaangalia kabati, akaangalia mifuko.

"Kumbe kumi vinatosha," akasema. "Vingine arudi navyo. Kalas."

"Si uliagiza thelathini?"

"Niliagiza kabati lijae. Limejaa."

Na aibu ni kwamba somo hilo nilimpa mimi. Ningeweza kumdanganya kwamba vioo vikiwekewa vitu vichache vinaumiza macho ya wageni. Angeamini, hajui lolote yule. Badala yake nilisimama na bisibisi mkononi nikingoja kusifiwa, mjinga mimi. Miezi yote ile nilikuwa namcheka bosi, kumbe tumo kapu moja.

Mama akaitwa achukue mifuko. Nilifikiri atapiga kelele, na nilitamani apige. Hakupiga. Alisimama mbele ya kabati, akatazama safu ya mbele, kisha zile za ndani, polepole, moja moja. Kioo anakijua, hakuwa mshamba wa kudanganyika.

"Fundi," akaniita, bila kumtazama bosi hata kidogo. "Hivi kumi vimetoka mikononi mwangu. Hivi vingine vyote katengeneza nani?"

Bosi akacheka, akidhani ni utani.

"Ni mimi, mama," nikasema.