Taya la Upande wa Baba

Kwa wiki sita sikuruhusiwa kufungua kinywa, na katika wiki hizo zote nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia baba.

Meno yangu ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa raba ndogo, nyembamba, zilizopita kwenye vikulabu vya nyaya za meno. Nyuma ya mashavu, mfupa wa taya la chini ulikuwa umekatwa pande zote mbili, ukarudishwa nyuma milimita nane, ukashikizwa kwa vibao vya chuma na skrubu. Shingoni nilining'iniza mkasi kwa kamba ya kiatu, ili nikitapika raba zikatwe mara moja. Hayo yote niliyaelewa. Nilikuwa nimeyasoma kabla ya upasuaji kama ninavyosoma kila kitu, nikipigia mistari. Ambacho sikukisoma mahali popote ni namna mtu aliyefungwa kinywa anavyoomba radhi.

Taya langu lilikuwa limetangulia. Shuleni waliniita Droo. "Funga droo, vumbi linaingia," walisema, na mwalimu mmoja aliwahi kucheka pamoja nao. Sikuweza kung'ata mkate kwa meno ya mbele. Nilikata kila kitu vipande na kutafuna pembeni, na nilipoanza shahada ya uzamili maumivu ya kichwa yalikuwa yakianzia sikioni kila alasiri. Daktari bingwa alisema linarekebishika. Alisema pia, bila kuinua macho, kwamba mara nyingi hali hii hurithiwa. Baba ana taya hilohilo. Shangazi analo. Babu, kwenye picha iliyo ukutani sebuleni, analo, na amelisogeza mbele ya kamera kana kwamba ndilo lililoitwa kupigwa picha.

Swali la tisa la fomu ya historia ya mgonjwa liliuliza kama kuna ndugu wa damu mwenye tatizo kama langu. Niliandika: Hakuna. Nikaweka na nukta.

Tasnifu yangu inahusu maji ya mifereji na magonjwa ya kuhara katika vijiji vya mlimani. Inasimama juu ya majibu ya watu walionizidi umri, niliowafuata hadi majumbani na dodoso, nikiwaomba wanieleze ukweli kuhusu vyoo vyao. Najua jibu moja la uongo linavyoweza kuharibu ukurasa mzima. Kwa hiyo nilijitetea kwa uangalifu. Baba hajawahi kupimwa, halalamiki, na mtu asiyelalamika, nilisema, hana tatizo. Ulikuwa utetezi safi, na nadhani ungepita mbele ya jopo. Lakini nilipokuwa naandika, wanafunzi wawili wa udaktari wa meno walikuwa wamesimama nyuma ya daktari, nami akilini nilimwona baba akiitwa, akigeuzwa uso chini ya taa, akipimwa kwa rula. Nilijiambia kwamba namlinda. Kumbe nilikuwa najilinda mimi: sikutaka yeyote amtazame yeye, kisha anitazame mimi.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimkabidhi baba faili langu alipeleke eksirei, kama jamaa za wagonjwa wafanyavyo kila siku. Baba ni mkulima wa kahawa, na husoma kila karatasi inayopita mikononi mwake, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi alikuwa amevaa miwani ya kusomea. Alilaza faili miguuni pangu, akanyoosha kona ya jalada iliyokunjika, akaniuliza kama nasikia baridi. Dakika chache baadaye walikuja kunichukua, na nilipozinduka sikuwa na kinywa cha kumwuliza alichokisoma.

Nina chumba cha kupanga mjini, Majengo, lakini baba alisema mgonjwa harudi kwenye chumba cha kupanga. Nikapandishwa nyumbani mlimani, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, ambako migomba na kahawa zimeizunguka nyumba mpaka dirishani. Mama alifariki nikiwa sekondari. Aliyenipikia ni baba.

Alipika mtori. Kwetu mtori ni chakula cha mzazi: mwanamke aliyejifungua huketishwa ndani na kuletewa ndizi zilizopondwa kwenye mchuzi wa nyama mpaka damu imrudie. Mwanamume huleta ndizi na nyama. Kuponda si kazi yake. Baba aliponda. Ndizi mshare zetu zilikuwa bado changa, basi alizifuata sokoni Kiboriloni, akachemsha, akaponda kwa mwiko, akachuja kwa chujio la chai, akachuja tena kwa kitambaa, kisha akavuta kidogo kwa bomba la sindano kuona kama utapita. Mara ya kwanza haukupita. Alirudi jikoni. Mara ya tatu ulipita, nami niliumeza kupitia mrija mwembamba uliopenyezwa kando ya shavu, nyuma ya meno ya mwisho. Mdomo wa chini na kidevu vilikuwa na ganzi kabisa, kana kwamba nimeviazima.

Habari za mtori zilisambaa. Siku ya tisa jirani yetu, mama mmoja wa usharika, alifika na vitenge viwili, sabuni na pakiti ya sukari. Aliketi, akamshukuru Mungu, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nimezungushiwa kitambaa kutoka utosini hadi chini ya kidevu. Baba alimwekea chai mbele yake.

"Amejifungua taya, mama," alisema. "Limelala humo kwenye kitambaa."

Yule mama alinikagua kwa utulivu. "Basi lina afya," alisema. "Limejaa uso mzima."

Nilicheka kwa pua, na kila mshono ulinikemea. Vitenge alikataa kuondoka navyo.

Nilizungumza kwa daftari: maji, dawa, funga dirisha. Siku ya kumi na mbili nilikusanya ujasiri, nikaandika, Baba, kuhusu ile fomu, na kabla sijaendelea alikuwa amekwisha kuyasoma maneno hayo kwa upande aliokaa. Alinyoosha mkono akaligeuza daftari kifudifudi juu ya meza.

"Hilo usiliandike," alisema. "Uliliandika tayari. Kinywa kikifunguka, utasema."

Hakusema kwa ukali, na jambo hilo lilinisumbua kuliko ukali. Nilibaki na wiki nne za kutunga. Nilitunga sentensi moja, nikaipinga, nikaiongezea sababu, nikaona sababu zinanifanya nionekane mwema, nikazifuta, kisha nikazirudisha. Niliyapima matendo yake yote. Akichelewa kurudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, nilihesabu ni hasira. Akirudi mapema, nilihesabu ni huruma, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Kwa mtu ambaye hakuwa amebadilika hata kidogo katika kunihudumia, nilimwekea tafsiri nyingi kuliko nilizowahi kuwawekea watu wote wa utafiti wangu.

Jumapili moja, uvimbe ukiwa umepungua, shangazi alivuka mfereji akatujia baada ya ibada. Alinishika kidevu kwa vidole viwili na kunigeuzia dirishani, kama mtu anayechagua nyanya.

"Umependeza," alisema. Kisha, kwa taya lake lilelile lililotangulia: "Sasa wewe ni wa ukoo gani? Tukikukuta Kiboriloni si tutakupita tu."

Alikuwa anatania, na shangazi ana haki ya kunitania. Nilimtazama baba. Aliinuka akasema ng'ombe hajakamuliwa, ingawa nilikuwa nimemsikia akimkamua mapema asubuhi, ndoo ikigonga mlango kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaning'inia. Mpaka siku hiyo nilikuwa naogopa kwamba amekasirika. Sasa niliogopa kwamba ameliamini jibu langu. Kwamba ameketi kwenye benchi la eksirei na miwani yake, akasoma mwandiko wa binti yake, akakubali kuwa hakuna.

Wiki ya sita tulishuka mjini pamoja. Daktari alikata raba moja moja, akaniambia nifungue. Kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja. Alisema kwa mazoezi tutafika vitatu. Kuhusu ganzi alisema huenda ikaisha, huenda isiishe yote, na nilimheshimu kwa kutoahidi. Kisha tukatoka, tukaketi kwenye benchi la korido kusubiri dawa. Baba alikaa upande wangu mmoja; upande wa pili hapakuwa na mtu.

Nilikuwa na sentensi kumi na nne. Ya kwanza ilianza na neno baba, na neno hilo linahitaji midomo miwili, nami ule wa chini sikujua uko wapi. Lilitoka kama vava. Nilijaribu tena, likatoka vilevile.

"Taratibu," alisema. Alikuwa anatazama dirisha la dawa.

"Niliandika hakuna," nilisema. "Na wewe upo."

"Niliona."

"Nilikuonea aibu, baba."

Katika matayarisho yangu neno aibu lilikuwa kwenye sentensi ya kumi na moja, limezungukwa na sababu. Sababu zote zilikuwa ndefu, na kinywa hakikuwa na nguvu nazo. Kwa hiyo lilibaki peke yake pale kwenye benchi.

Watu watatu waliitwa dirishani.

"Ulipong'oka meno ya utoto," baba alisema, "nilikuwa nakuangalia ukila. Kila jioni. Nilikuwa nangoja haya ya ukubwani yaote nione yatakutanaje. Mama yako alidhani nakudekeza. Siku nilipoona ya chini yamepita mbele, nikaacha kukuangalia." Alivua miwani. "Mpaka leo sikuangalii ukila, mama. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Mimi, ambaye huandika rangi ya ndoo ya maji katika kila kaya ninayoingia, nilikuwa nimeketi kando yake mezani kwa karibu miaka ishirini, na yeye akitazama sahani yake, nikadhani ndivyo akina baba wanavyokula. Nilitafuta katika sentensi zangu kumi na nne moja inayoweza kulijibu hilo. Zote zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya mtu aliyekosewa. Hakuna iliyotungwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akijiona, muda wote huo, kwamba ndiye aliyenikosea.

"Halikuwa kosa lako," nilisema hatimaye. K na s zilinitoka vizuri.

"Na wewe hukulichagua," alisema, akaitika kwa niaba yangu jina langu lilipoitwa.

Tulitembea mpaka Majengo kuangalia chumba changu. Karibu nacho kuna hoteli ndogo ya mama mmoja anayepika ndizi nyama tangu asubuhi, na baba alisema tuingie. Daktari alikuwa ameruhusu vyakula laini. Baba hakukaa kando yangu. Alivuta stuli akaketi ng'ambo ya meza, mwanga ukiwa nyuma yake. Nilipondaponda ndizi kwa kijiko, nikaingiza kiasi kidogo, nikafunga. Meno ya juu yalitua mbele ya ya chini, na bado sikuyazoea. Kila yanapokutana nahisi kama nimeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Chakula chake kilikuwa kinapoa. Alikuwa ananitazama, waziwazi, bila haraka, namna anavyokagua kahawa iliyoanikwa. Nilitaka kugeuza uso. Sikuugeuza. Nilimeza, nikachukua kijiko kingine.

"Kuna ndizi hapo," alisema, akagusa kidevu chake mwenyewe kunionyesha ni wapi.

Nilifuta.

"Siyo huko," alisema. "Upande wa pili."