Nywele za Mfalme wa Getini

Asubuhi ile nilikuwa nabishana na Da Mwanaidi juu ya feni. Yeye mtu wa Tanga, anasuka kona moja ya saluni yetu hapa Yeoville, Joburg, sisi tunanyoa kona nyingine. Analalamika nywele zetu zinarukia chai yake. Nikamwambia, "Da Mwanaidi, kunywa tu, hakuna aliyekufa kwa ndevu." Akanitupia kitana. Yaya Fiston, kaka yangu mkubwa, akacheka mpaka akazima mashine, asije akamkata mteja sikio. Ilikuwa 2017.

Kwetu, milimani huko Kivu, kulikuwa na vita. Mwami, mfalme wetu, alikuwa amekufa, akaacha wake wawili na nyumba mbili: Nyumba ya Juu, iliyojengwa kileleni, na Nyumba ya Chini, kando ya mto. Kila nyumba na mtoto wake, kila mtoto anataka kiti. Kiti chenyewe nimekiona. Kina miguu mitatu, mmoja umeliwa na mchwa. Kwa hicho watu wa babu mmoja wakachomeana nyumba. Ng'ombe wakakatwa miguu, wakaachwa wanalia mpaka wanaoza. Mimi na yaya tulipita katikati yao tukikimbia, mikono puani. Mpaka leo wenzangu wakichoma nyama natoka nje, wanasema najidai mzungu.

Sasa, ukoo wetu ndio unaonyoa wafalme. Si sifa, ni kazi tu, kama wengine wanavyopiga ngoma. Mtu hakalii kile kiti mpaka mmoja wetu amnyoe kwa wembe, mara moja tu maishani, na nywele zile zitunzwe, aje azikwe nazo. Bila nywele hakuna mwami. Kuna mwanaume mwenye kipara.

Mtoto wa Nyumba ya Juu alikuwa hapahapa Joburg. Anaitwa Janvier, mlinzi wa geti kwenye majumba ya matajiri kule Midrand. Kutwa anafungua, anafunga, anapigia magari saluti. Siku ile mchana akaingia saluni na wazee wawili wa kwao, bado na yunifomu, rungu kiunoni. Wazee wakampigia magoti palepale juu ya nywele za wateja.

"Fiston, ninyoe," akasema. "Nimeomba ruhusa mpaka saa kumi tu."

"Eish," nikasema. "Mfalme anaomba ruhusa kwa bosi?"

"Nyamaza, petit, mdogo wangu wewe," yaya akanikata. Akamgeukia Janvier. "Nikikunyoa, Nyumba ya Chini watanitafuta. Wamejaa humu Yeoville."

"Wakija watanikuta mimi kwanza. Nitakufa mbele yako."

Alilisema vizuri, kama anavyofungua geti.

Baba yetu ndiye aliyemnyoa baba yake. Tulilelewa tukiambiwa mnyoaji akikataa, ukoo wote unakauka. Yaya akatandika kitambaa cheupe, akatoa wembe wa baba, akanyoa taratibu. Mzee mmoja akapiga picha na simu, akaituma nyumbani kabla kichwa hakijakauka. Machozi ya furaha yanamtoka, mjinga yule.

Haikuchukua muda. Kelele barabarani. Mtu anapita mbio, "Wanakuja! Wanakuja!"

Hapa sisi wageni hatuulizi nani anakuja. Tunajua ni wale wenyeji wanaotaka turudi kwetu. Spaza, kile kiduka cha jirani, ikafungwa. Tukashusha geti la chuma, tukazima redio. Da Mwanaidi akaingia chini ya meza na dua zake.

Geti likagongwa.

"Fungueni! Ni siye, ndugu zenu! Watatuua huku nje!"

Lugha ya kwetu, ya mlimani. Ukiisikia siku kama ile, ni kama mama anaita.

Yaya akafungua.

Mapanga. Watu wa Nyumba ya Chini. Nyuma yao barabara nyeupe, hakuna aliyekuwa anamfukuza mtu.

Janvier ndiye aliyekuwa karibu na geti, na rungu. Akageuka. Akaingia chooni, akatokea dirishani, wazee wake nyuma yake.

"Nywele ziko wapi?" wakauliza.

Yaya akapiga teke kile kitambaa. Nywele za mfalme zikamwagika kwenye nywele za wateja wa siku nzima.

"Chagueni," akasema.

Wakamkata.

Sitaeleza zaidi. Da Mwanaidi aliona yote kutoka chini ya meza, na mpaka leo hasuki mtu akiwa ameupa mlango mgongo. Yaya alifia kwenye ambulensi, hata hawajapita robot ya kwanza, zile taa za barabarani. Nami nikabaki nafagia. Nywele zilikuwa zimelowa, zinanata kwenye ufagio kama utumbo. Nilitapika, nikafagia na matapishi. Chooni nikakuta kiatu kimoja cha ulinzi, kimezama. Vyote vikaingia mfuko mmoja mweusi, gari la taka likabeba.

Sasa ni 2019, nyumba mbili zimepatana. Wamechinja ng'ombe, wameozana. Waliomkata yaya wamekula sahani moja na wale wazee wa picha, wakalamba na vidole.

Juzi Janvier alikuja, bado ni wa getini. Kofia imekaa juu ya kichaka cha nywele, maana hakuna anayethubutu kumgusa kichwa tena.

"Petit, nyumbani kila kitu sharp. Wananiita. Imebaki nywele tu, najua ukoo wenu hautupi."

Nilitafuta la kuchekesha. Mimi, ninayechekesha hata msibani. Halikuja.

"Zilienda na damu ya yaya," nikamwambia. "Kwenye taka."

Akavua kofia. Nikadhani sasa ndiyo atalitaja jina la yaya.

"Zote?" akauliza.

Yaya tulimzika hukuhuku, mbali na kaburi la baba. Huyu mtu hajawahi kuuliza ni wapi. Nikawasha mashine, nikamwita mteja aliyekuwa kwenye foleni.